Kinoa ya Kabuga na Bakuli la Mama Mkwe

Jana nilipita shambani nikawakuta, nyinyi niliowaachia shamba langu, mmefukia mbegu kama watu wanaozika ng'ombe. Shimo la kina cha kiganja, mbegu ndani, udongo juu, na mmoja wenu anashindilia kwa kisigino huku anaimba. Nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa mgongoni, ndiyo kwanza amesinzia, na mtoto huyu akiamka vibaya Kabuga nzima hailali. Leo yuko kitandani, kalamu ninayo, na hasira ya jana bado haijapoa. Basi someni.

Mbegu ya kinoa ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Haina mabega ya kuinua udongo wa shimo la muhindi. Chukueni kijiti, mchore mfereji hafifu, kama mtoto anavyochora mstari kwenye vumbi, mnyunyize mbegu, kisha mpitishe udongo juu yake kwa kiganja kilicho wazi. Imetosha. Mkishindilia kwa kisigino, mvua ikapiga, jua likafuata, udongo wa juu unakauka kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Mche unafia chini humo humo, halafu mnakuja mlangoni kwangu kusema mbegu ilikuwa mbovu. Mbegu si mbovu. Niliipepeta mwenyewe.

Najua mnaniita Mama Ilham mstaafu, na mnacheka, kwa sababu kwenu mstaafu lazima awe na mvi na fimbo. Mimi hata mvi ya kwanza bado. Nina watoto wawili, mdogo ananyonya, na jembe nimelistaafu. Lakini kabla hamjaniharibia shamba, mjue limepitia nini. Lilikuwa la mama mkwe wangu. Jinsi lilivyotoka mkononi mwake kuja kwangu ni kisa kirefu, na ndani yake mna karibu kila kosa mtakalolifanya. Afadhali mlicheke kwangu kwanza.

Mimi sikuzaliwa mkulima. Nimezaliwa Biryogo, kichochoro cha mafundi nguo, mama yangu na cherehani yake barazani. Nilimaliza sekondari, nikajifunza kukata kitambaa, na udongo niliujua kama kitu cha kufuta kwenye viatu kabla ya kuingia ndani. Kisha nikaolewa na Sadi, fundi wa kupiga msasa na vanishi kwenye samani kule Gisozi, akanileta Kabuga kwenye uwanja wa mama yake. Nyumba yetu huku, nyumba ya mama yake kule, katikati mgomba mmoja na banda la mbuzi.

Mama mkwe anaitwa Bibi Zuhura. Alilelewa Karagwe, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima na Kiswahili chake cha kule na msimamo wake wa kule. Mkimwona amekaa kwenye kigoda chake ametulia, msidhani amelala. Anawahesabu.

Kwake kuna sheria moja ambayo hata Biryogo tunayo: bakuli halirudi tupu. Ukipelekewa chakula, unakula, unaosha bakuli, unatia chochote ulicho nacho. Parachichi, mayai, kitunguu, hata majani ya mchaichai. Bakuli linalorudi tupu ni tusi. Bibi Zuhura ana bakuli moja jeupe la bati lenye ua jekundu, alitoka nalo Karagwe, na tangu niolewe lilikuwa linatembea kati ya milango yetu kila siku. Tulikuwa hatuongei sana. Bakuli ndilo lililokuwa linaongea.

Kinoa aliniletea Claudine, agoronome, yaani mtaalamu wa kilimo wa eneo letu, msichana mrefu mwenye buti za mpira na sauti ya kuita watu bondeni. Ilham alikuwa mdogo, mwembamba, uji wa mahindi anautema kama dawa. Claudine akanipa mbegu kidogo kwenye karatasi iliyokunjwa.

"Jaribu hii," akasema. "Ina nguvu ya nafaka na nguvu ya maharage ndani ya punje moja. Na udongo mchovu haiuogopi."

"Inalimwaje?"

"Ipande kama mchicha, ivune kama ulezi, ioshe kama nguo."

Maneno yale yaandikeni ukutani. Mimi nilishika mawili ya kwanza. La tatu nilidhani ni utani.

Shamba sikuwa nalo, ikabidi niende kwa mwenyewe. Bibi Zuhura alikuwa anachambua maharage. Aliifungua ile karatasi, akaitazama, akaipulizia kidogo, karibu anipotezee msimu mzima.

"Nini hii?"

"Kinoa, mama."

"Ya ndege?"

"Ya watu."

"Watu wa wapi?"

"Wa mbali, mama. Ng'ambo, milimani."

"Na huko kwao maharage hakuna?"

Nikasema sijui. Nikasema ni kwa ajili ya Ilham. Akachambua maharage mengine, akatupa jiwe, akatupa jiwe jingine.

"Nakupa kile kipande cha mteremkoni, misimu miwili. Lima, pika, niletee. Siku nitakayotaka uniongezee, kipande ni chako, na Sadi asitie mdomo. Misimu ikipita sijataka, narudisha maharage yangu na wewe unarudi kwenye cherehani."

Nilikubali pale pale. Nilikuwa bado sijui kwamba Bibi Zuhura hajawahi kuomba aongezwe chakula popote, wala arusini. Sadi aliniambia usiku baada ya mimi kumaliza kujisifu. Alicheka mpaka akakohoa.

Msimu wa kwanza kinoa yenyewe haikunisumbua. Mkae mkijua, ni mmea mkaidi. Mvua ilikata katikati, muhindi wa jirani ukajikunja kama sigara, kinoa yangu ikasimama inanitazama tu. Kitu kimoja haikipendi, maji yaliyosimama. Mkiona dimbwi kati ya mistari, chimbeni mfereji siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Tena msiwaamini wanaokuja na kofia mpya kuwaambia hili ni zao la miujiza. Muujiza haupaliliwi. Kinoa inapaliliwa, hasa ikiwa bado fupi, kwa sababu utotoni inakua polepole kama mtu asiyetaka kwenda shule, na magugu hayamsubiri mtu.

Ndege nao hawakuigusa. Nilijiona mjanja, nikasema ndege wa Kabuga wana adabu. Nilipaswa kujiuliza ndege wanajua nini nisichokijua mimi.

Nikavuna, nikapiga, nikapepeta, na Idi ikawa imekaribia. Nikasema hapa hapa. Nitapika pilau ya kinoa, Bibi Zuhura ataomba aongezwe mbele ya ukoo wote, mchezo umekwisha. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa na rangi ya kahawa, nikatia bizari, hiliki, mdalasini, nyama ikaiva, harufu ikawaita hata majirani ambao Idi haiwahusu. Nikamimina kinoa. Sikuiosha. Niliipuliza vumbi tu, nikajua imetosha.

Sufuria ikaanza kutoa povu. Si povu la wali, lile linalopanda na kushuka. Povu la kufulia. Nikalichota, likarudi. Nikafunika, likanyanyua kifuniko. Sadi akaingia jikoni, akatazama, akaniuliza kwa upole kama leo tunakula au tunafua.

Nilipakua hivyo hivyo, kwa kiburi. Baba yake mdogo Sadi alitia tonge mdomoni akabaki amelishikilia shavuni, hamezi wala hatemi, macho yanatafuta mlango. Watoto hawana adabu, wao walitema. Ilikuwa chungu, uchungu wa sabuni hasa, unaokaa kwenye ulimi mpaka alasiri. Bibi Zuhura peke yake alikula bakuli lake lote, taratibu, bila kukunja uso. Akanyanyuka akaenda kwake.

Jioni Ilham akaleta bakuli, limefunikwa kwa sahani. Nikafunua. Ndani kulikuwa na kipande cha sabuni.

Siku mbili nilisugua ile sufuria. Siku ya tatu nilimfuata Claudine kwenye barabara ya sokoni.

"Uliniambia niioshe kama nguo."

"Ndiyo."

"Nilidhani unatania."

"Mama Ilham, mimi nimewahi kutania lini?"

Alinifundisha pale pale nyumbani, kwenye beseni la nguo. Punje ya kinoa ina koti lake la uchungu, ndilo linalofukuza ndege. Unaimwagia maji, unaisugua kati ya viganja kama unavyosugua kola ya shati la mume anayeendesha pikipiki, unamwaga povu, unatia maji mengine. Unarudia. Msiniulize mara ngapi, kwa sababu kila mvuno una koti lake. Onjeni maji. Maji yakiwa machungu, rudini beseni. Yakiwa maji tu, mmefika. Wala msiiloweke usiku kucha mkidhani mnapunguza kazi. Uchungu unaingia ndani, na asubuhi punje zimeshaanza kutoa mkia zinataka kuota.

Yale maji ya kwanza msiyamwage. Mimi nilifulia nguo za Ilham, zikatakata. Bibi Zuhura alinichungulia toka kigodani kwake, akasema, "Sasa umepata matumizi yake." Alikuwa amebakiza msimu mmoja, na mimi pia.

Msimu wa pili nilipanda vizuri. Mistari ilinyooka, au mimi niliiona imenyooka. Kinoa ilifika kiunoni. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo nikilikumbuka bado natafuta kitu cha kurusha.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimelala Biryogo, mama ana nguo za arusi za kumalizia, vifungo mpaka macho yanauma. Asubuhi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mnajua, mabasi hayatembei mpaka watu wamalize kazi, kwa hiyo nikasafisha mitaro ya Biryogo na wenzangu. Sadi alikuwa Gisozi, anasafisha ya huko. Saa za mchana nikapanda basi, nikashuka Kabuga, nikapanda kilima na Ilham mkono mmoja na mfuko wa vitambaa mkono mwingine. Nikatazama mteremkoni. Nikaona udongo.

Udongo mtupu, umepigwa jembe, umesawazishwa kama uwanja wa mpira. Kando yake, lundo la mimea, imeanza kunyauka. Na Mzee Kalisa, mkuu wa mudugudu, kijiji chetu, amesimama hapo anajifuta jasho, uso unang'aa kwa furaha.

"Mama Ilham, karibu. Tumekusaidia."

"Mmenisaidia nini, mzee?"

"Ile shamba ilikuwa mbaya sana. Mwanamke peke yako, mtoto mdogo, bwana yuko Gisozi, magugu yamefika hapa." Akaonyesha kiunoni. "Watu wote tukasema, oya, hapana, huyu ni wetu. Tukaleta majembe. Sasa iko safi."

"Mzee, yale hayakuwa magugu."

"Yalikuwa nini?"

"Chakula."

Alitazama lundo. Mbuzi wa Bibi Zuhura alikuwa amelisogelea, akang'ata kichwa kimoja cha mbegu, akakitema, akaondoka zake. Mzee Kalisa alimsindikiza yule mbuzi kwa macho, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Chakula cha nani?"

Mtamlaumu vipi mtu kama huyo? Mimi nilimlaumu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu Ilham sasa anajua kusoma. Lakini sikilizeni, kosa lile linawasubiri na nyinyi. Kinoa ikiwa changa inafanana na dodo, mchicha wa kawaida, na inafanana zaidi na lile gugu linaloota kando ya vyoo. Ukigeuza jani changa la kinoa chini yake utaona unga mweupe, kama vumbi la chaki. Dodo haina. Lile gugu nalo linao, kwa hiyo gugu mnalijua kwa mstari: kilichoota nje ya mstari, ng'oeni. Ndiyo maana nawapigia kelele za mistari. Na kabla ya kila Jumamosi ya umuganda, wekeni kibao. Mzee Kalisa siku hizi anashika zamu mwenyewe kwenye kona ya shamba, na anawafundisha wapita njia kugeuza jani utadhani yeye ndiye aliyelileta.

Haikuisha yote. Karibu na jiko la Bibi Zuhura, juu kabisa, ilikuwa imebaki mistari michache.

"Na ile?" nilimwuliza Mzee Kalisa.

"Mukecuru, yule bibi, alitukataza. Alikuja na kigoda akakaa katikati yake. Alisema hizo ni dodo zake."

Dodo zake. Nilikasirika upya. Nikaona kumbe siku zote ananichumia majani kwa siri, anapika mboga, na kinoa yangu anaiita dodo mbele za watu. Nawaambia hili kwa sababu mtu akikasirika anaona upande mmoja tu wa jani.

Nikaitunza ile mistari kama mboni ya jicho. Ilipokaribia kukomaa, vichwa vikabadilika rangi, vingine vyekundu, vingine vya manjano. Nikawa nabonyeza punje kwa kucha na kuitia jinoni kila asubuhi. Ikikubali kucha, bado. Ikikataa kucha na jino likasikika, kata. Na mkikata msiilaze shambani mpaka kesho, kwa sababu mvua moja ikinyeshea kinoa iliyokomaa, punje zinaota humo humo kichwani, na mtavuna bustani ya ndevu za kijani. Pigeni juu ya turubai, pepeteni kwenye upepo wa kiasi. Upepo mkali unabeba makapi pamoja na mbegu, na majirani zenu watapata shamba bila jasho. Sadi alinitengenezea chekeche ya fremu ya mbao za Gisozi, ndiyo ile iliyoning'inia stoo. Msiikalie.

Nilipata kidogo. Sehemu moja nikaiweka ya mbegu, kwenye mfuko, juu ya jiko la Bibi Zuhura panapofika moshi. Iliyobaki ndiyo nafasi yangu ya mwisho.

Safari hii nilifikiri. Pilau ilikuwa majivuno. Huyu mama anapenda nini? Maharage. Sasa kwa nini nilikuwa napigana na maharage msimu mzima? Nikachukua maharage yake mwenyewe, yale mabichi, nikayachemsha mpaka yakalainika. Kinoa nikaiosha, nikaonja maji, nikaosha tena, nikaonja. Nikaikausha juani kwenye kitambaa, nikaikaanga kavu kwenye sufuria mpaka ikaanza kunukia karanga na kurukaruka. Maji mara mbili ya punje. Ikiiva mtaona kila punje imeachia uzi mweupe, uliojikunja kama pete. Nikachanganya na maharage, kitunguu, karoti, chumvi. Hakuna kingine. Ilham alikula, akalamba kijiko, akalamba na mkono wa kijiko.

Nikajaza bakuli la ua jekundu. Ilham akalipeleka kwa mikono miwili.

Nilikaa mlangoni. Jioni Ilham akarudi nalo. Halikufunikwa.

"Bibi amesema chukua."

Tupu. Limeoshwa, limefutwa, linang'aa. Nikaligeuza juu chini kama mjinga. Hakuna yai, hakuna kitunguu, hakuna hata jani la mchaichai. Hata ile pilau ya povu ilipata sabuni.

Kwetu Biryogo mtu akikutukana unamjibu papo hapo. Lakini mama wa mume wako unamjibu nini? Nilifunga nguo kwenye mkoba, nikatia na lile bakuli, nikasema sasa na alitafute. Jembe nikaliacha uwanjani lilipokuwa. Nikamwambia Sadi kinoa imekwisha, shamba apewe mwenye maharage. Nikapanda basi.

Kwa hiyo nilistaafu mara mbili, na ile ya kwanza haikuwa halali.

Mama yangu alinipokea bila kusimamisha cherehani.

"Tupu kabisa?"

"Tupu, mama."

"Alikula?"

"Limeoshwa. Nitajuaje?"

Akakata uzi kwa meno. "Zuhura ni mtu wa heshima. Mtu wa heshima hakosi kitunguu nyumbani."

Hilo lilikuwa jibu, nami sikulisikia, nilikuwa nimeshughulika na kukasirika. Hasira inataka mikono ifanye kitu, nikawa nasaga kinoa kidogo niliyobeba, napika chapati barazani. Za kwanza nilipika kwa unga wa kinoa mtupu, zikavunjika kama lipu ya ukuta wa zamani. Unga wa kinoa haushikani. Tieni ngano iwe nyingi, kinoa iwe ya kusindikiza. Mafundi wa kichochoroni wakaanza kununua. Wakawa wanakuja na chai zao. Ndiyo kile kibanda mnachokijua, kilizaliwa kwa hasira.

Kila Jumapili Sadi alikuja kutuona, na kila Jumapili alileta ujumbe ule ule.

"Mama anauliza bakuli lake."

"Mwambie anunue."

Mvua za msimu zikaanza. Siku moja nilihitaji chekeche yangu, nikarudi Kabuga kuichukua na kuondoka kimya kimya. Nikapita mteremkoni. Bibi Zuhura alikuwa shambani amepiga magoti, kijiti mkononi, anachora mfereji hafifu kwenye udongo. Mfuko wa mbegu ulikuwa kiunoni kwake, umefungwa kwa kanga.

Nilisimama nyuma yake. Nikashindwa kunyamaza.

"Mama, maharage hayapandwi hivyo."

"Nani amekuambia ni maharage?" Hakugeuka. "Sogea, umesimama kwenye mstari."

Nikasogea. Akanyunyiza, akapitisha kiganja.

"Ulinirudishia bakuli tupu," nikasema.

"Ndiyo."

"Tupu, mama. Hata kitunguu."

"Ningetia kitunguu, ungejuaje kama nataka ujaze?"

Ilham alikuwa ameshakimbilia kwenye mfereji, anachora wa kwake.

"Si ungesema tu, mama. Mdomo unao."

"Mimi niombe chakula kwa mke wa mwanangu? Kwa mdomo?" Alisema kama mtu aliyeambiwa atembee uchi sokoni. "Nilituma bakuli. Ukakimbia nalo Biryogo. Nimesubiri, nimesubiri, mpaka nimenunua la plastiki. Chakula hakina ladha kwenye plastiki."

"Na zile dodo?"

"Ningewaambia wale watu kinoa, wangejua ni nini? Dodo wanaijua. Dodo hawakati bila ruhusa." Akanyanyuka kwa kushika bega langu, si kwa mapenzi, goti lilikuwa limekaza. "Shamba ni lako tangu siku ya bakuli. Mimi nilikuwa nalishikia tu lisijae magugu. Na mistari yako ilikuwa imepinda."

Haikuwa imepinda. Nilisema hivyo siku ile na nasema hivyo leo. Na bado nimekasirika naye, kwa sababu mtu mwenye mdomo angeweza kuniokolea majuma yale yote ya machozi barazani kwa mama. Lakini jioni ile nilipika, kinoa na maharage, na bakuli lilipokwenda lilirudi tupu, nikajaza, likarudi tupu tena, na Sadi akabaki na ukoko.

Baada ya hapo nimelima misimu mingi kuliko vidole vya mtoto wangu mdogo, na yeye ndiye aliyenitoa shambani. Mgongo unabeba kitu kimoja, mtoto au jembe. Na kibanda cha Biryogo kinanitaka asubuhi. Kwa hiyo limeni nyinyi. Mbegu mnayo, chekeche mnayo, mteremko nimewaachia, na leo nakuja kufukua hayo makaburi yenu tupande upya kabla mvua haijaziba udongo. Mje na vijiti. Visigino mviache nyumbani.

Mtamkuta Bibi Zuhura juu pale karibu na jiko, kwenye kigoda. Atawaambia mistari yenu imepinda. Mwambieni ndiyo, mama, mnyooshe. Mkivuna, bakuli la kwanza ni lake, lile la ua jekundu, lipo kwangu rafuni. Pikeni na maharage. Msimwulize kama ni tamu, hatawajibu. Mpelekeeni, mkae mlangoni, mngoje. Likirudi na parachichi, shukuruni, mjaribu tena kesho. Likirudi na sabuni, mnajua mlichosahau.

Likirudi tupu, msifunge mizigo. Jazeni.